Ndiyooo, Mwalimu!

Kwa miaka kumi na moja nimefundisha hesabu katika shule ya serikali jirani na soko la Kariakoo, na kila kipindi nilikimaliza kwa swali moja: "Mmeelewa?" Darasa la nne, watoto mia na arobaini, walijibu kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu!" mpaka wauza vitambaa wa upande wa pili wa ukuta wakacheka. Niliipenda sana kelele ile. Nilijiona mwalimu hodari kweli kweli.

Ila koo lilikuwa linaniuma kila jioni. Mwaka jana mwenzangu aliyehamia shule binafsi akanipigia simu. "Shoga, huku kalamu ikidondoka unaisikia. Watoto ishirini na wanne tu! Nimeshakusemea. Njoo Ijumaa ufundishe kipindi kimoja wakuone."

Nikaenda soko la Mchikichini, nikachambua mitumba mpaka nikapata viatu vya heshima. Ijumaa nikaingia darasani kwao, feni linazunguka taratibu, nikafundisha sehemu: theluthi na robo, ipi kubwa. Nilifundisha kwa sauti yangu ya Kariakoo; mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia akidhani kuna ugomvi. Mwishoni nikauliza kama wameelewa, kwa Kiingereza nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikasubiri ndiyo yangu.

Badala yake binti mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono. Alisema hajaelewa: nne si kubwa kuliko tatu, sasa robo inakuwaje ndogo?

Nilikasirika, nakiri. Miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyewahi kunijibu hivyo. Nikaeleza upya, akaelewa, na kazi nikapewa palepale. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani sikuifikiria kazi. Nilijiuliza ni wangapi kati ya wale wa kwangu wanaoamini robo ni kubwa kuliko theluthi.

Jumatatu mvua ilinyesha, na watoto wa bondeni Jangwani walifika viatu mkononi. Barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa mkobani, imebaki kutiwa sahihi tu. Nikafundisha somo lilelile, ila mwishoni nikauliza, "Nani hajaelewa? Anyooshe mkono. Simchapi mtu."

Wakatazamana. Mkono mmoja ukapanda kule nyuma, ikafuata mitatu, halafu ikawa haihesabiki. Nilifika sitini nikaacha. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya dawati. Miaka kumi na moja ya ndiyo! Nilipaswa kuona aibu, na niliona, lakini furaha ndiyo iliyozidi.

Msichana ambaye mama yake anauza mkate wa kumimina akasimama bila kuitwa. "Mwalimu, nyumbani tuko wanne, napata kipande kidogo. Baba akisafiri tunabaki watatu, changu kinakuwa kikubwa."

"Aaaah!" likasema darasa zima. Wauza vitambaa wakacheka kama kawaida yao, ila mimi sauti hiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza.

Mikono ikashuka, ikabaki tisa. Watoto tisa wakinitazama bila woga, wananingoja. Nikaitoa ile barua mkobani, nikaigeuza, na upande mweupe nikaandika majina yao, wote tisa.