Bastola Iliyonukia Kifungua Kinywa

Verlene Tackett amewapikia watoto wa shule yetu, hapa milimani Kentucky, mpaka wale wa mwanzo wakaleta watoto wao nao wakapikiwa na yeye. Ni mama mwenye mabega mapana na kicheko cha karibu. Sufuria la viazi ambalo walimu wa kiume hulishika wawili wawili, yeye hulibeba peke yake huku akiongea. Sasa fikirieni mama huyo anaambiwa mbele za watu kwamba ana mkono mlegevu.

Alipostaafu, wifi yake Imogene, dada wa mumewe, alimvuta ajiunge na wanawake wanaolenga shabaha kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Wanapiga risasi asubuhi, wakimaliza wanakula maharage na mkate wa mahindi. Kusema kweli, ni hayo maharage yaliyomshawishi. Akanunua bastola ndogo kwa jirani aliyekuwa anahama. Ilikuwa imetumika miaka mingi, ina mikwaruzo kwenye mpini, lakini nzima. Akaipenda siku hiyo hiyo.

Nyumbani, jikoni kwenye joto, bila risasi ndani, alivuta lile bamba la juu likarudi nyuma na kwenda mbele laini kabisa. Machimboni ikawa kazi nyingine. Ilikuwa Novemba, baridi inauma masikio. Risasi ya kwanza ikatoka vizuri, lakini ganda lake tupu halikuruka nje. Lilibanwa pale kwenye tundu la kutokea, limesimama wima kama bomba la jiko la kuni. Akaelekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo, akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi kwenye mpini, akaliondoa ganda. Akajaribu tena. Likasimama tena.

"Mkono huo umelegea, wifi!" Imogene akapaza sauti. "Umeshika bastola kama unashika kifaranga."

"Nikishika zaidi ya hapa nitaivunja."

"Basi ivunje tujue moja."

Kwetu ndivyo ilivyo. Bunduki ya mgeni ikikwama, hakuna anayeitazama bunduki. Kila mtu anamtazama mgeni. Mmoja akamrekebisha viwiko, mwingine akamsogeza miguu, hata mzee aliyekuja kuleta kuni akasimama kutoa somo la kupumua. Verlene akatii yote. Ganda likasimama.

Neno lililomuuma ni la Hobert Slone, msimamizi wa uwanja. Jumamosi kulikuwa na mashindano na wanawake wa ng'ambo ya mto. Timu ni ya watu wanne, kila mmoja na bastola yake mwenyewe, na nafasi ya nne ilikuwa ya Verlene.

"Mama Tackett," Hobert akasema kwa upole, "nakuheshimu sana, lakini bastola inayokwama namna hii siiruhusu kwenye mstari. Ikifika Ijumaa bado inakwama, utatushangilia tu."

Usiku huo Verlene hakula vizuri, na Verlene si mtu wa kuacha chakula.

Ijumaa akarudi. Alikuwa amebadilisha risasi, akaleta za aina nyingine. Zikakwama. Imogene akamwazima magazini yake, maana zilikuwa bastola za aina moja. Ikakwama.

"Basi niazime na mikono yako," Verlene akamwambia wifi yake.

Hobert, aliyesimama karibu, akacheka, akaichukua bastola, akasimama imara kama nguzo ya geti, akapiga mwenyewe. Ganda likasimama wima.

Verlene akamgeukia, akasema taratibu: "Pole, mzee. Na wewe umelegea?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Hobert akawa mwekundu shingoni. Akatoa risasi zote, akahakikisha chumba cha risasi ni kitupu, akaweka bastola mezani ikiwa wazi. Hapo ndipo mbwa wake wa kuwinda, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameganda kwenye begi la Verlene, akaweka miguu ya mbele juu ya meza na kuanza kuilamba.

"Shuka wewe!" Hobert akamvuta. Halafu akainama, akanusa. Akanusa tena. "Mama Tackett, umeipaka nini hii?"

"Mafuta, si jirani aliyeniuzia aliniambia niipake mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Ya kwenye kopo langu la karibu na jiko. Ya nguruwe, yanayobaki nikikaanga bekoni ya asubuhi. Kikaango changu cha chuma nakipaka hayo tangu nimeolewa na hakijawahi kushika kutu. Na hii si chuma?"

Imogene akakaa chini kabisa, kwenye changarawe. "Wifi, umeikaanga bastola!"

Sasa ikaeleweka. Jikoni mafuta yale ni maji. Kwenye baridi ya machimbo yanaganda kama yanavyoganda kwenye sahani, bamba linarudi kivivu, ganda halipati nguvu ya kuruka. Hobert akaifungua vipande, Verlene akaisugua kwa mswaki na dawa ya kusafishia bunduki, akaifuta mpaka kitambaa kikatoka safi, kisha tone moja moja la mafuta mepesi ya bunduki. Kazi hiyo yote aliifanya mwenyewe, Hobert akielekeza kwa kidole tu.

Akajaza magazini, akasimama, akapiga. Ganda likaruka likagonga ndoo. Akapiga zote. Zote zikaruka.

"Njoo kesho mapema," Hobert akasema. "Nafasi ya nne ni yako."

Jumamosi wale wa ng'ambo walitushinda, tena vizuri. Verlene hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na bastola yake haikusita hata mara moja. Aliomba karatasi yake ya shabaha, nyumbani akaisogeza kalenda ya kanisa pembeni, akaibandika kwenye mlango wa friji. Matundu yametawanyika, mengine yako mbali kabisa na katikati. Mgeni akiingia, yeye anaendelea kukoroga chungu chake, anasubiri tu aulizwe.