Nyayo za Buluu kwenye Marikani

Asubuhi moja, nyuma ya zahanati ya misheni, vipande viwili vya kitambaa cha marikani vilianikwa kwenye kamba moja, na sote tuliokuwapo tuliona kwamba nyayo zilizokuwa juu yake haziwezi kuwa za mtu mmoja. Kwenye kipande cha kwanza hatua zilikuwa fupi, zimekwenda upogo, na mguu wa kulia ulikuwa umeburuta vidole. Kwenye cha pili hatua zilikuwa ndefu na zimepangana kama migomba ya shamba jipya. Zote zilikuwa za baba yangu. Kati ya kipande na kipande hakupewa dawa yoyote. Alipigiwa tarumbeta.

Ilikuwa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza wangali na amri yao mjini Arusha. Sisi tulikaa juu, kwenye miteremko ya Meru, katikati ya kahawa na migomba. Baba alipiga besi katika bendi ya usharika wetu, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpigaji kama chatu wa shaba. Kila alfajiri ya Pasaka bendi ilitembea kutoka kanisani hadi makaburini kuwapigia waliolala habari ya ufufuo, na tangu kabla sijazaliwa baba hakuwahi kukosa.

Kisha akaanza kujikwaa. Kwanza kwenye mfereji wa maji, halafu kwenye mizizi, mwishowe mahali tambarare kabisa. Unyayo wa kulia ulilegea, akawa ananyanyua goti juu sana ili vidole visiguse ardhi. Mama alishuku pombe ya ndizi. Mjomba, kaka yake mama na kiongozi wa bendi, alishuku maringo.

"Shemeji, siku hizi unatembea kama jogoo aliyekanyaga tope."

"Na wewe unaongoza bendi kama kuku aliyepotewa na kiota," baba akajibu. "Ndiyo maana tunaelewana."

Daktari wa misheni alikuwa Mzungu mrefu aliyejifunzia Kiswahili pwani, hivyo alikisema vizuri kuliko nusu ya wagonjwa wake. Alieleza kwamba mishipa inayopeleka habari kwenye misuli ya miguu ilikuwa ikififia polepole. Dawa haikuwapo. Lililowezekana ni kuufuatilia ugonjwa, kujua kama unakimbia au unajikongoja. Akanunua jora la marikani kwenye duka la Mhindi mjini, akakoroga buluu ya kufulia katika karai, baba akatumbukiza nyayo, akatembea juu ya kitambaa. Kilipokauka, daktari alipima urefu wa hatua, nafasi kati ya miguu, na michirizi ya vidole. Msimu ulipogeuka alirudia, akalinganisha.

Mama alilia siku ile ya kwanza, lakini si kwa ajili ya ugonjwa. "Marikani mpya kabisa," alisema, "na inakanyagwa!"

Ilipokaribia Pasaka daktari alitoa sharti. Kipimo kikionyesha kwamba hatua zimezidi kufupika, baba asiandamane. Njia ya makaburini ina mteremko mkali, na akianguka na besi lile anaweza kuvunjika nyonga.

Nyumbani kipimo kilieleweka kuwa ni mtihani, na mtihani hufanyiwa mazoezi. Mama alimtembeza baba uani asubuhi na jioni, yeye nyuma na ufagio. Alimlisha mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, hadi baba akaomba msamaha. Jirani wa chini alileta mafuta ya mbuzi ya kuchulia miguu, na jirani wa juu akaja kusema kwamba mafuta ya jirani wa chini hayafai.

Siku yenyewe mama alimvisha baba suti ya kanisani, suruali imekunjwa hadi magotini. Baba akatembea. Tulisikia vidole vikikwaruza kitambaa. Daktari alitazama nyayo, akatikisa kichwa polepole, na baba akaanza kufuta miguu yake bila kumwangalia mtu.

Hapo ndipo nyuma ya ua wa mimea ya masale bendi nzima ililipuka kwa wimbo.

Daktari aliruka. "Nini hiki?"

Mjomba akajitokeza kati ya majani, kofia mkononi. "Samahani, Bwana Daktari. Umempima mtu wa bendi bila bendi. Mrudishe kwenye karai."

"Huu si utaratibu."

"Utaratibu ni wako, Bwana Daktari. Miguu ni yetu."

Daktari akatandika kitambaa kingine.

Bendi ikaanza tena, na baba akatembea! Wagonjwa kwenye foleni wakapiga makofi. Bibi mmoja aliyekuja kung'olewa jino alicheza huku shavu lake limefungwa kitambaa. Marikani iliisha, baba hakuisha. Akapita kwenye nyasi, akapanda baraza iliyokuwa imetoka kupigwa deki, nyayo za buluu zikimfuata, na mhudumu akimfuata na tambara huku akiita, "Mzee! Mzee, sakafu!"

Vipande vilipokauka daktari alipima, akapima tena.

"Cha kweli ni kipi?" mama akauliza.

"Vyote viwili."

"Basi chagua kizuri."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kisha akatoa uamuzi: baba ataandamana, ila njiani bendi isinyamaze hata kidogo.

Wakati wa kwenda haikunyamaza. Alfajiri ile tulishuka makaburini kwa wimbo mmoja uliorudiwa mpaka mchungaji mwenyewe akasahau tuko ubeti gani. Baba alikuwa mstari wa nyuma, magoti sawasawa, mashavu yamevimba. Makaburini tulisali, bendi ikapata pumzi, tukaanza kurudi kwa kupanda. Katikati ya mteremko mpigaji mmoja alikosea sauti, tarumbeta likalia kama ndama. Wa pembeni akacheka, na huwezi kucheka na kupuliza. Matarumbeta yakanyamaza moja baada ya jingine, mjomba akachuchumaa huku ameshika tumbo, na kwa muda likabaki besi peke yake: bu, bu, bu. Kisha nalo likanyamaza.

Tulipofuta machozi, baba alikuwa juu kwenye lango la kanisa, besi begani, akituuliza tunangoja nini.

Jumatatu daktari aliuliza swali moja tu: baada ya kimya kuingia, baba alitembeaje? Mama aliapa kwamba alinyooka. Mjomba alisema aliburuta. Mimi nilikuwa nimeinama kwa kicheko kama wengine, na nyasi za pale hazishiki alama. Baba alisema hakutazama chini.