Nyuzi Nyekundu Kwenye Viota

Mama Pindo alipewa jina hilo kwa kuwa pindo alilolishona halifumuki. Suruali itachakaa, pindo litabaki. Chumba chake cha kushonea kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na mlango wa nyuma uliotazama mtaro wenye matete. Humo mnana, wale ndege wadogo wa manjano, walisuka viota vyao.

Mdogo wake alipofariki, alimchukua binti wa marehemu, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari. Alimlisha, akamvisha, akamlipia ada. Kuzungumza naye ndiko hakukuwako, kazi haziishi. Kila jioni msichana alifagia vipande vya nyuzi, akatoka navyo kwa mlango wa nyuma, akarudi giza likiingia, uso umekunjuka.

"Mama Pindo," mpiga pasi wa jirani alimtania siku moja, "binti kaolewa na matete, au una mkwe huko unatuficha?"

Wateja wakaangua kicheko. Mama Pindo hakucheka. Hakwenda kutazama, wala hakumuuliza mtoto. Kesho yake, msichana akiwa shuleni, aliita vibarua wenye mapanga, wakafyeka matete yote.

Msichana alirudi, akasimama mlangoni, begi mgongoni.

"Mamkubwa, nani kafanya hivi?"

"Mimi. Haya, nitajie huyo mwanamume wako."

"Mwanamume?"

Aliingia kwenye matete yaliyolala, akaokota kiota, akamwekea mezani. Katikati ya majani makavu ulipita uzi mwekundu, ule wa sketi za shule, umesukwa ukasukika.

"Nilikuwa nawapelekea mnana nyuzi hizi. Walishanizoea, wanashuka mpaka miguuni. Humu ndani, mamkubwa, naonekana nikikosea tu."

Shule zilipofungwa alikwenda kumsalimu shangazi yake, akabaki hukohuko. Hupiga simu sikukuu kwa sikukuu: "Shikamoo, mamkubwa." Kisha hukata simu.

Sisemi ukali ni dhambi. Mtoto asiyekemewa huwaaibisha wengi. Lakini anayehukumu kabla ya kuuliza hajalea, ametawala tu. Na Mama Pindo alikuwa na ulimi, na mlango ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti chake.

Matete yameota tena, hayana kinyongo. Mnana hawajarudi. Jioni Mama Pindo huweka nyuzi nyekundu kizingitini, na asubuhi huzikuta palepale, zimelowa umande. Huzifagia mwenyewe.