Pumzi za Nieves

Nieves Olmeda alipiga filimbi katika bendi ya mji wetu wa Cuenca, Hispania, kwa miaka ishirini na miwili. Siku za kazi aliuza dawa karibu na soko. Mumewe, Baltasar, alikuwa na bucha chini ya jengo letu, wao wakiishi juu yake, na katika ghorofa ya juu kabisa aliishi mzee Hilario Arce, mtunzi wa muziki.

Mzee huyo alimtungia Nieves kipande cha filimbi peke yake. Hakikuwa na wimbo wa kuimbia bafuni. Hewa ilivuma ndani ya bomba, vibonyezo viligongwa bila kupulizwa, halafu ghafla sauti kali ya kutoboa ukuta.

"Filimbi yako ina mafua, mke wangu," Baltasar alimtania. "Iletee dawa."

"Na wewe masikio yako ni maini ya ng'ombe."

Kabla hajakipiga mbele ya watu, Nieves aliugua, madaktari wakamkata kipande cha pafu. Aliporudi nyumbani hakuweza kumaliza hata mstari wa kwanza. Akaifungia filimbi kabatini.

"Basi, Balta. Nimemaliza."

Jumapili moja asubuhi, dengu zikiwa jikoni, Baltasar aliitoa filimbi mwenyewe. "Nipigie mimi tu. Ukichoka, pumua."

Hakujua kusoma nota, lakini kwa kumfungulia kurasa miaka mingi alijua kuzifuata kwa kidole. Kila mkewe alipovuta pumzi, alichora kistari kwa penseli ya buchani. Jumapili nne alifanya hivyo. Kisha akapanda kwa mzee, aproni kiunoni, karatasi mkononi. Nilikuwa ngazini na mkate wangu, mlango ukiwa wazi, nikaona na kusikia yote.

"Mwalimu, Nieves anapumua hapa, hapa na hapa. Muziki wako haumpi nafasi."

"Huo ni mstari mmoja, Baltasar. Ukiukata, unakufa."

"Ufe basi! Mimi ninayemtaka hai ni mke wangu."

Mzee alivaa miwani, akazitazama karatasi. "Nani kachora hivi?"

"Mimi."

"Twende nikamsikie."

Akashuka na ndala zake. Nieves alimpigia kwa haya, akawa anavuta pumzi kwa kuiba, mdomo ukiwa nusu wazi.

"Usiifiche, binti yangu," mzee akamwambia. "Vuta tuisikie."

Wiki tatu baadaye alileta karatasi mpya. Kila kistari cha Baltasar kilikuwa kimegeuzwa nota: pumzi fupi, pumzi ndefu, pumzi ya kutetemeka.

Nieves alikipiga ukumbini mchana wa Jumapili moja ya Oktoba, mbele yetu watu kama arobaini. Pumzi ya kwanza iliposikika, mtu nyuma akacheka. Baltasar aligeuza shingo yake nene, kicheko kikakatika. Baada ya hapo nikajikuta nazisubiri zile pumzi kuliko filimbi yenyewe. Alipomaliza, Nieves alikuwa mwekundu usoni, anacheka kama msichana. Sote tulipiga makofi isipokuwa mumewe, aliyekuwa amejifunika uso kwa viganja.

Tulipokwenda kunywa na kula zeituni, mzee akamuuliza Baltasar kama amekipenda.

"Bado sikielewi, Mwalimu. Lakini niko tayari kukisikia tena kesho."

Nieves alikipiga miaka sita zaidi, hadi Valencia. Safari zote Baltasar alifunga bucha, akaenda naye kumfungulia kurasa.