Wiki Nane Bila Udi

Paka wa mama alianza kunyonyoka manyoya chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, mahali ambapo usingepaona mpaka ajilaze chali. Ngozi ilibaki tupu, nyekundu kidogo, kama ya kifaranga. Mama alinitumia picha nikiwa Selly Oak, upande wa pili wa jiji, nilikopanga chumba na wenzangu, kisha ikafuata sauti yake: "Hooyo, njoo umtazame shoga yangu. Kuna kitu."

Hooyo ni mama kwa Kisomali, na mama zetu hutuita sisi watoto kwa jina lao wenyewe. Shoga alikuwa paka. Mama alilelewa Mombasa, na tangu baba afariki hapakuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili huku ughaibuni, katika ile nyumba ya Bordesley Green. Kaka zangu humjibu Kiingereza. Paka hamjibu kabisa, lakini humtazama mpaka amalize.

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Alimpitishia kitana chembamba kutafuta viroboto, hakuona hata mmoja. Akauliza kama kuna anayevuta sigara nyumbani. Nikasema hakuna. Akatupa dawa ya kumdondoshea shingoni kwa tahadhari, pamoja na kichupa na punje za plastiki za kutia kwenye sanduku lake la choo badala ya mchanga, ili tukinge mkojo wake ukapimwe.

"Si kila mara ngozi ndiyo yenye kosa," alisema.

Ndani ya basi, kikapu kikiwa mapajani mwangu, harufu ilinipanda puani. Paka alinuka udi. Nilikaa nikijiona mjinga. Kila alasiri mama hutia makaa kwenye chetezo, akafukiza mapazia, mashela na mito, na paka hujilaza pembeni kwa ajili ya joto. Mtambo wa king'ora cha moshi pale darini ulitolewa betri miaka mingi iliyopita kwa sababu hiyo hiyo. Nami nilikuwa nimemwambia daktari kwamba nyumba yetu haina moshi, kwa kuwa udi sikuwahi kuuhesabu kuwa moshi. Ulikuwa ndiyo hewa yetu.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia. Nilifurahi, nakiri, kama mtu aliyepata jibu kabla ya darasa zima.

"Ni udi," nilimwambia mama hata kabla sijavua koti.

"Udi umefanya nini?"

"Moshi unaganda kwenye manyoya. Anajilamba autoe. Anajilamba mpaka ananyonyoka."

Mama alicheka. "Basi paka wa Mombasa wote wangekuwa na vipara."

"Kule madirisha yako wazi."

"Na wewe je? Nimekufukiza tangu hujatimiza arubaini. Mbona una nywele?"

"Mimi sijilambi, mama."

Alicheka tena, lakini paka alipogeuka na kuanza kulilamba lile tumbo, kicheko kilimwisha. Nilimpigia daktari. Akasema inawezekana, ila nisisahau mkojo. Mimi nilisikia "inawezekana" tu.

Nikampa mama masharti: wiki nane, asiwashe hata kipande. Mkojo nikauacha kwanza, kwa sababu niliona tukipima hiki na kile tutachanganyikiwa. Mama alikifunga chetezo kwa kitambaa, akakiweka juu ya kabati. Siku chache tu nyumba ikaanza kunuka vitunguu na kuta zenye unyevu. Kumbe ndivyo ilivyokuwa siku zote kule chini ya udi.

Wiki ya tano akanipigia. "Anakwenda kwenye mchanga mara nyingi. Anachimba, anachuchumaa, hatoi kitu."

"Ni wasiwasi tu. Nyumba imebadilika harufu."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Wiki ya sita ikaangukia hitma ya baba, ile ya kila mwaka. Wanawake walijaa sebuleni, mie nikipitisha sambusa na kahawa. Mke wa rafiki ya baba alisimama mlangoni akavuta hewa.

"Ehe, leo vipi? Udi umekuishia? Ungeniambia nije na wangu."

"Kifua kinanibana," mama akasema. "Daktari amenikataza."

"Daktari! Hawa watatukataza hata kupumua. Hitma bila udi, dada yangu? Marehemu alikuwa mtu wa udi."

"Alikuwa," mama akajibu, akaketi, akafungua juzuu yake.

Sikuwahi kumsikia mama akisema uongo, na huo aliusema juzuu iko mkononi. Angewaambia nini? Kwamba amemnyima mumewe udi siku ya hitma yake kwa ajili ya paka? Mimi siamini kwamba maiti hunusa. Lakini yeye anaamini, na nilimwona akisoma huku akitazama chini, asikutane na jicho la mtu.

Siku chache baadaye alinipigia akilia. Paka alikuwa amejikunyata ndani ya beseni la kuogea, na chini yake matone ya damu.

Daktari alimpima kwa ile mashine ya kuonea ndani ya tumbo. Kibofu kilikuwa na mawe. Hakuwa na ugonjwa wa ngozi, na manyoya hayakuwa yakidondoka. Alikuwa akiyang'oa mwenyewe kwa ulimi, akilamba panapouma.

"Ule mkojo mliwahi kuuleta?" aliuliza.

"Sikuuleta," nikasema. Mama alinigeukia, kisha akamgeukia paka.

Alipasuliwa, akarudi nyumbani na kola kubwa shingoni, na mshono juu ya ngozi ile tupu. Mama alitandika shuka sakafuni, akakaa karibu naye.

"Kwa hivyo haukuwa udi."

"Haukuwa."

"Na muda wote huo alikuwa na maumivu."

"Ndiyo, mama."

"Nilikwambia anachimba."

Nikapanda juu ya kiti, nikateremsha chetezo kutoka kabatini, nikafungua kitambaa.

"Nitie makaa? Tuwashe sasa, tumsomee baba."

Mama alikisogeza kibakuli cha maji karibu na mdomo wa paka, akainua kidogo ukingo wa kola ili aweze kunywa.

"Acha, hooyo," alisema. "Watu wameshasoma, wameshakwenda."