Transista za Futi Kumi kwa Kumi

Saa nne na dakika kumi asubuhi niligundua kwamba amplifaya niliyoichora kwa miezi saba inakuza sauti ya maikrofoni mara thelathini tu. Nilihitaji mara mia. Nilikuwa nimelipia kipande cha chipu inayochangiwa na wachoraji wengi, na kiwanda cha kuitengeneza kingeacha kupokea michoro saa kumi na mbili jioni siku hiyo hiyo. Madaftari manne nilijaza hesabu, lakini jaribio la mchoro mzima nikaliacha mpaka siku ya mwisho.

Nilifunga kibanda changu cha kutengeneza redio pale Kawangware 56, nikabeba kompyuta hadi mtaa wa Nyayo Highrise, kwa mwalimu wa elektroniki aliyekuwa ameahidi kunisaidia nikikwama. Alitazama vipimo, akanitazama mimi.

"Mzee, nani alikuambia transista zote ziwe fupi hivi?"

"Ndicho kipimo kidogo kabisa kiwanda kinaruhusu. Nilikuwa nabana nafasi."

"Umezipanga kama vyumba vya kukodisha vya ploti. Transista fupi, mkondo wake wa umeme unayumba kila volti ikisogea. Itakuza nini? Refusha mara nne. Upana pia mara nne, ndio mkondo ubaki ule ule."

"Hiyo ni mara kumi na sita ya eneo. Nitalitoa wapi?"

Akarudisha picha nyuma kwenye skrini mpaka kipande kizima cha chipu nilicholipia kikaonekana. Mchoro wangu ulikuwa umejikunyata kwenye kona. Karibu kipande chote kilikuwa tupu.

"Na hii yote ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa landilodi unayemwogopa ako wapi?"

Miaka kumi na tisa nimeishi chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda kikiwa juu ya matofali ili sufuria zikae chini yake. Na kanuni kwamba transista ndefu hukuza zaidi nilikuwa nimeiandika mwenyewe, daftari la pili, kwa kalamu nyekundu.

Kubadilisha namba kulichukua dakika tano. Jaribio likatoa mara mia na kumi na nane. Lakini kila transista ilibidi ichorwe upya, na kila waya uhamishwe. Saa kumi na mbili ilipogonga, programu ya ukaguzi bado ilionyesha makosa tisa, na mchoro wenye kosa haupokelewi.

Ada hairudishwi. Nilipoteza shilingi elfu kumi na nane na mia tano.