Siku Mama Mkwe Alipoandikwa Dobi

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, kamji ketu kaliishi kwa magari ya wageni. Wazungu wakitoka Iringa kwenda kutazama tembo katika pori la akiba, lazima wasimame kwetu kujaza maji na kunywa chai, na chai yenyewe ilikuwa yangu. Nilikuwa na kibanda cha maandazi kando ya barabara. Mume wangu alikuwa mpishi wao, akiingia nao porini na masufuria yake. Tulikula vizuri kwa sababu ya pori lile, na nasema hivyo mapema asije mtu akadhani nililichukia.

Mama mkwe wangu alizaliwa humo, akaolewa humo, na humo alimzika binti yake wa kwanza, aliyekufa kwa surua kabla mume wangu hajazaliwa. Serikali ilipoweka mpaka, lori lilikuja asubuhi, watu wakapakiwa na kuku wao na vinu vyao. Katika purukushani ile hakupata nafasi ya kwenda kaburini.

"Sikumuaga," alikuwa akiniambia huku akipepeta ulezi. "Mtoto anajua mama yake kaenda kisimani tu."

Jamani, neno hilo! Mimi ambaye wateja waliniogopa kwa ukali, lilikuwa likinikata maini.

Mwaka ule alianza kukohoa na kukonda. Akasema hataki dawa, anataka kwenda kwa mwanawe. Nikaenda getini mwenyewe. Askari wa pori, kijana wa Kihehe aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akafungua daftari lake.

"Shemeji, humu wanaingia wageni na watumishi wao tu. Sasa bibi nimwandike nani?"

"Mwandike mwenyeji!"

"Hakuna mahali pa kuandika mwenyeji, shemeji. Na daftari hili Bwana Nyama analikagua kila Jumamosi."

Bwana Nyama ndiye Mzungu mkubwa wa pori. Hivyo ndivyo tulivyomwita. Nilimporomoshea kijana wa watu maneno mpaka nikachoka mwenyewe, naye akanisindikiza hadi barabarani. Lakini nilirudi na neno moja kichwani: mtumishi.

Wiki iliyofuata alikuja Mzungu mmoja mzee na mkewe, watu wapole, waliopenda ndege kuliko simba. Mume wangu aliwaeleza shida yetu bila kuficha. Yule mama wa Kizungu akamtazama mama mkwe kwa muda, akakubali. Getini tukaandikwa: wageni wawili, mpishi mmoja, madobi wawili. Askari alijua, nina hakika alijua. Aliandika polepole, akatusomea masharti: tutoke kabla jua halijazama, na kisitoke kitu cha porini, hata kokoto. Atakayekamatwa nacho atafungwa, na mpishi aliyemleta hatatia mguu humo tena.

Nilidhani tutakwenda kaburini moja kwa moja. Thubutu! Tulipofika mtoni mama mkwe aliteremka, akadai nguo za wageni.

"Mama, udobi ni wa daftarini tu!"

"Nimeandikwa dobi, nitafua. Siwezi kwenda kwa mwanangu na uongo mdomoni."

Basi tukafua. Tulifua soksi, mashati, hata kofia ya Mzungu, naye mwenyewe anatufuata nyuma akisema ni safi, ni safi. Nilizipiga nguo zile kwenye mawe kwa hasira, jua linateremka, mume wangu kakodoa macho majini kwa kuhofia mamba. Yule mama wa Kizungu akakunja mikono ya blauzi, akaja kusuuza pamoja nasi. Sijui alielewa nini, lakini alisuuza vizuri.

Tulifika kwenye mahame yao saa kumi na moja. Nyumba ilikuwa imebaki tuta la udongo, na tembo walikuwa wamepita juu yake. Mama mkwe hakubabaika. Alitafuta jiwe lake la kusagia, akahesabu hatua kutoka hapo, akapiga magoti, akaanza kuongea. Kihehe changu kilikuwa cha sokoni, sikushika hata nusu. Aliongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia ya dukani. Kisha akachota udongo kiganja kimoja, akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Kasema nini?" nilimuuliza mume wangu garini.

"Amemwambia hakuja kumuaga. Amekuja kumchukua."

Moyo ulinipasuka kwa huruma, na papo hapo ukanidunda kwa hofu. Nikamwinamia mama mkwe sikioni. Wakikuuliza getini, sema ni ugoro. Nakuomba, mama, mwanao atafukuzwa kazi! Alinipapasa goti tu.

Getini askari alituhesabu kwa kidole, daftari mkononi. Macho yake yakatua kwenye fundo la kanga.

"Bibi, umebeba nini?"

Nikakohoa kwa nguvu. Ugoro, mama, ugoro!

"Mtoto wangu," akasema. "Alibaki siku ile ya lori."

Askari alimtazama mume wangu, na mume wangu akatazama masufuria yake. Nilikuwa tayari kushuka nimpigie magoti kijana yule, mimi na ulimi wangu wote. Akatoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio.

"Walioingia, watano," alisoma. Akaandika, akikandamiza ili isomeke. "Waliotoka, sita."

Kisha akainama dirishani, hata kofia yake ikagusa bega la mama mkwe, akalisalimu lile fundo kwa Kihehe.

"Kamwene, dada," akasema, akaenda kutuinulia gogo la geti.